Mpaka wa Kata na Haki ya Jirani

Yako mambo ambayo mtu huyapita bila kuyatazama, kwa kuwa yaonekana kuwa kazi ya makarani tu. Mojawapo ni mpaka wa kata. Wenye kazi hiyo huitandaza ramani mezani, hupiga mstari katikati ya barabara, huandika jina upande huu na jina jingine upande ule. Na wenye nyumba wakiamka huona ya kuwa hawakuhama, lakini wamehamishwa. Mlango ni ule ule na duka ni lile lile, ila yule waliyezoea kumpelekea shida zao ili aziseme barazani si wao tena. Je, katika mstari huo imo haki na dhuluma, au ni mambo ya karatasi tu? Mimi nasema imo, tena si kidogo, na ningependa tuitafute pamoja katika mji mmoja wa Uingereza ambao mipaka ya kata zake zote ilipigwa upya, kisha watu wakaitwa kupiga kura. Mji huo ni Birmingham, na siku hiyo ilikuwa tarehe 3 Mei, 2018.

Birmingham ni mji wa pili kwa wingi wa watu katika Uingereza, baada ya London. Tangu zamani ulikuwa mji wa mafundi wa chuma, nao ulikua upesi kuliko sheria. Hata kufika mwaka 1832, Birmingham na Manchester, pamoja na maelfu mengi ya watu waliokaa humo, haikuwa na mjumbe wake hata mmoja katika Bunge. Na kumbe mahali palipoitwa Old Sarum, kilima cha magofu na nyasi, palikuwa na haki ya wajumbe wawili. Hakuna aliyekaa kitako akasema, Haya, na tuwadhulumu watu wa Birmingham. Mipaka iliwekwa zamani, watu wakahama, mipaka ikabaki. Basi twaona ya kuwa dhuluma yaweza kuingia pasipo mtu kuitenda, kwa kuyaacha tu mambo yalivyo. Lakini wale waliofaidiwa na Old Sarum walionyeshwa jambo hilo, nao wakalitetea. Na tangu siku ile walipolitetea, dhuluma ile ikapata mwenyewe.

Baraza la mji wa Birmingham lilianza mwaka 1838. Mtu asidhani ya kuwa baraza la namna hii ni kitu kidogo kwa sababu halina majeshi wala halifanyi vita. Joseph Chamberlain alipokuwa meya, tangu mwaka 1873 hata 1876, baraza lilizinunua kampuni za gesi na za maji, zikawa mali ya mji. Na maji safi kwa mtu maskini ni uzima wa watoto wake. Hata leo mabaraza ya miji mikubwa ya Uingereza ndiyo yanayowatunza wazee wasio na wa kuwaangalia na watoto walioachwa, ndiyo yenye nyumba za kupangisha watu wa mapato madogo, ndiyo yanayoondoa taka. Kwa hiyo kuuliza ni nani anayesikiwa barazani ni kuuliza ni nani atakayehudumiwa kwanza na ni nani atakayengoja.

Kabla ya mwaka 2018 mji huo ulikuwa na kata 40, na kila kata ilikuwa na madiwani watatu, jumla 120. Kata zilikuwa kubwa mno: ukiwagawa watu waliohesabiwa mwaka 2011 kwa kata hizo, kila moja ilipata zaidi ya watu 26,000. Tena uchaguzi haukuwa wa mara moja, bali katika kila miaka minne walichagua katika miaka mitatu, diwani mmoja mmoja, hata baraza likawa halitulii. Mwezi wa Desemba, 2014, Bob Kerslake, aliyekuwa mkubwa wa watumishi wa serikali, alitoa taarifa yenye maneno makali juu ya uongozi wa baraza hilo. Akashauri madiwani wote wachaguliwe siku moja kila miaka minne, na mipaka itazamwe upya. Ndipo ikaitwa Tume ya Mipaka ya Serikali za Mitaa ya Uingereza. Tume ikafanya kazi yake, na mwisho wake zikapatikana kata 69 na madiwani 101: kata 37 zenye diwani mmoja mmoja, na kata 32 zenye wawili wawili.

Sasa tutazame jinsi Tume hiyo inavyotakiwa kufikiri, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sheria yaiagiza mambo matatu. Kwanza, hesabu ya wapiga kura kwa kila diwani iwe sawasawa kadiri iwezekanavyo. Pili, mipaka ifuate umoja wa watu wanaokaa pamoja, wasikatwe vipande. Tatu, kazi ya baraza iende vema pasipo tabu. Ukiyasoma upesi utadhani ni ndugu watatu wanaopatana. Lakini waulize waliowahi kupiga mipaka, nao watakuambia ya kuwa wa kwanza na wa pili hupigana kila siku.

Mwenye kushika hesabu ana neno zito. Asema: Kama diwani wa kata hii asemea watu 5,000, na diwani wa kata ile asemea watu 10,000, na wote wawili wana kura moja moja barazani, basi kila mtu wa kata ya pili ni nusu ya mtu. Hakuibiwa kitu anachoweza kukionyesha kwa kidole. Halii, wala hajui. Siku ya kura huenda, huitia karatasi yake sandukuni kama wengine, hurudi nyumbani akijiona ni sawa na jirani yake. Na si sawa. Wizi asioujua mwenye mali ni wizi bado, na labda ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna atakayepiga kelele. Tena Tume hairuhusiwi kutazama hesabu ya leo peke yake. Sheria yataka ifikiri na miaka mitano inayofuata, nyumba zipi zitajengwa na watu wangapi watahamia. Naliona jambo hilo kuwa la busara sana. Mwenye kumpimia mtoto nguo humpimia na kukua kwake.

Mwenye kushika ujirani naye ana neno, wala si la kudharau. Asema: Watu si mawe ya kuhesabu. Kijiji kilichomezwa na mji tangu zamani bado kina jina lake, kina kanisa lake, kina uwanja ambao wazee wamezoea kukutana, na watu wake wakipatwa na jambo hujuana. Ukiupitisha mstari katikati yao kwa ajili ya kutimiza hesabu, nusu moja itakuwa mkia wa kata fulani, na nusu ya pili mkia wa kata nyingine, na diwani hushughulikia kichwa kwanza. Neno hili ni la kweli. Umoja wa watu wanaojuana ni mali isiyonunuliwa, na mwenye kuuvunja kwa kalamu hana fundi wa kuurudisha.

Mfano wake ni Sutton Coldfield, upande wa kaskazini wa mji huo. Mahali hapo palipewa hati na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1528, pakawa na utawala wake wenyewe kwa karne nyingi, hata mwaka 1974 pakaunganishwa na Birmingham. Watu wake hawakusahau. Mwaka 2016 walichagua tena baraza lao dogo la mji wao, lililo chini ya baraza kubwa. Zimepita zaidi ya karne nne za kukaa mbali, zikafuata zaidi ya miaka arobaini ya kukaa pamoja, na jina halikufa. Nani atasema ya kuwa jambo lenye nguvu namna hiyo si kitu?

Lakini hapa nataka tuwe macho. Kupenda mahali kwaweza kuwa pendo, tena kwaweza kuwa vazi la kitu kingine. Tume yenyewe imelazimika kutangaza ya kuwa haitatazama bei za nyumba, wala gharama za bima ya magari, wala mipaka ya shule. Mbona itangaze? Bila shaka ni kwa sababu watu huandika juu ya mambo hayo. Mtu huanza kwa kusema, Tumekaa pamoja tangu babu zetu, na ukiyafuata maneno yake hata mwisho wakuta ya kuwa anaogopa nyumba yake isihesabiwe pamoja na nyumba za maskini wa ng'ambo ya barabara. Jirani anayetaka tusimtenge naye ni yule anayefanana naye. Huyo wa ng'ambo ya barabara, ambaye yu karibu zaidi kwa hatua, hakumtaja kuwa ni jirani.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua, nashika hesabu kwanza. Si kwamba hesabu ni kubwa kuliko pendo. Sababu yangu ni hii: mwenye kuipoteza hesabu hajui kwamba amepoteza, lakini mwenye kukatwa na majirani zake ajua sana, naye ana mdomo. Watu wa mahali penye umoja wana mikutano, wana watu wa kuwaandikia barua, husikiwa. Watu waliorundikana katika kata iliyojaa, wengi wao wageni waliohamia mwaka jana, hawana wa kuwaandikia. Hesabu husema kwa niaba ya wasio na msemaji. Ikiisha kutimizwa, na Tume yenyewe huacha nafasi kidogo ya kupunguza na kuongeza, ndipo ujirani upewe nafasi hiyo yote.

Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko hayo mawili, nalo ni mkono ulioishika kalamu. Sote twajua desturi ya wazee wanapogawanya nyama: mwenye kukata si wa kwanza kuchagua. Kwa nini? Si kwamba kila mwenye kisu ni mwizi. Ni kwamba hata mtu mwema, akijua fungu lipi litakuwa lake, kisu chake hupinda pasipo yeye kutambua. Ndiyo sababu wakuu wa Tume hiyo hawaruhusiwi kuwa watu wa vyama. Ndiyo sababu pia huweka mapendekezo yao mbele ya watu wote, na mtu yeyote aweza kuleta mstari wake mwingine na kueleza sababu. Na mwisho, Bunge laweza kuikubali hati yote au kuikataa yote, lakini haliwezi kuibadili. Natamani kila msomaji alifikiri neno hilo la mwisho. Wenye uwezo mkubwa katika nchi hawakuruhusiwa kusogeza mstari hata kwa upana wa nyumba moja.

Anayedhani hadhari hizo ni za bure na atazame ng'ambo ya bahari kidogo, Ireland ya Kaskazini, katika mji wa Londonderry. Huko kata zilipangwa mwaka 1936. Katika miaka ya 1960 Wakatoliki walikuwa wengi katika mji, lakini katika viti 20 vya baraza, 12 vilikuwa vya chama cha Unionist, kilichokuwa cha Waprotestanti. Njia ilikuwa nyepesi. Walirundikwa wengi katika kata moja kubwa, wakapewa viti vinane, wakashinda humo kwa kura nyingi zisizo na kazi. Na kata mbili nyingine zilipangwa hata Waprotestanti wakazishinda zote, viti vinane na viti vinne. Tena kura yenyewe ilifuata nyumba, hata asiye na nyumba yake akakosa kura, na ugawaji wa nyumba ulikuwa mikononi mwa baraza lile lile. Mwaka 1969 baraza hilo likaondolewa na kazi yake wakapewa watu wengine walioteuliwa. Nasi tusiupite mfano huu upesi. Waliokishika kisu walikuwa na jina la Uprotestanti ambalo nasi twalichukua, nao Jumapili walikuwa kanisani. Hakuna hata mmoja aliyempiga mwenzake. Walipiga mstari tu.

Turudi Birmingham. Kura zilipohesabiwa mwaka 2018, chama cha Labour kilipata viti 67, Conservative 25, Liberal Democrats 8, na chama cha Green kiti 1. Labour ndicho kilichokuwa na baraza hata kabla ya mipaka mipya. Basi mwenye kutazama matokeo tu atasema, Kazi yote ile ilikuwa ya nini, ikiwa wenye nguvu ni wale wale? Swali hili lina kosa ndani yake. Mizani haipimwi kwa kutazama kama kila siku yaegemea upande mpya. Ingawa hivyo, si kila kitu hutengenezwa na mizani. Siku ile ile Manchester nao walichagua baraza zima kwa mipaka mipya: Labour viti 94, Liberal Democrats viti 2. Kata zilikuwa sawa kwa hesabu. Lakini mwenye kura nyingi kuliko wenzake katika kata ndiye achukuaye kiti, na kura za walioshindwa, hata zikiwa maelfu katika mji mzima, hazina mtu barazani. Mstari ulio sawa hauwezi kuiponya kanuni ya kuchagua. Hilo ni neno la siku nyingine.

Lililo zito zaidi kwangu ni hili: Hao wanaohesabiwa, ni nani? Tume haihesabu watu. Yahesabu walioandikwa katika daftari ya kura. Birmingham ni mji wenye watoto na vijana wengi. Kata yenye watoto wengi ina shule nyingi za kuangalia na nyumba zilizosongamana, lakini watoto hao hawana uzito katika mizani, wala wazazi wao wasiojiandikisha. Na mgeni je? Sheria ya Uingereza yaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, akiwa na ruhusa ya kukaa, kujiandikisha na kuchagua diwani. Kwa hiyo mtu wa Tanzania, au wa Kenya, au wa Uganda, aliyehamia Birmingham, ana kura. Mtu wa Rwanda naye anayo, kwa kuwa nchi yake iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2009. Lakini jirani yake aliyetoka Burundi, aliyepanda basi lile lile kwenda kazini, mwenye watoto katika shule ile ile, hana kura mpaka apate uraia. Mpaka huu haukupigwa katika barabara. Umepita katika ngazi za nyumba moja, kati ya mlango na mlango. Sisemi ya kuwa kila nchi haina haki ya kuweka masharti kwa wageni, inayo. Nasema tu ya kuwa diwani akiijua kata yake kwa daftari peke yake, hajaijua.

Tena wako waliomo katika daftari, nao hawakuonekana vilevile. Baraza la Birmingham liliwaajiri wanawake wengi, wapishi wa shuleni, wasafishaji, watunzaji wa wagonjwa na wazee. Wanaume waliofanya kazi zilizohesabiwa kuwa sawa na zao, kama waondoa taka, walipata malipo ya ziada ambayo wanawake hawakupata. Wanawake hao walikaa wapi? Katika kila kata. Kumi hapa, ishirini pale, daima wachache. Upige mipaka upendavyo, hutapata kata ya wapishi. Kila diwani aliweza kusema kwa kweli ya kuwa katika kata yake si jambo kubwa, na wote wakisema hivyo, jambo kubwa la mji mzima likakosa mwenyewe. Basi wakaenda mahakamani. Mwezi wa Oktoba, 2012, watu 174, karibu wote wanawake, walishinda katika Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza, nao wengi wakawafuata.

Deni hilo halikwisha. Tarehe 5 Septemba, 2023, baraza lilitangaza ya kuwa haliwezi kuzilinganisha hesabu zake, na miongoni mwa sababu lilitaja malipo hayo ya wanawake, likikisia ya kuwa laweza kudaiwa hata pauni milioni 760. Wengine baadaye walibisha hesabu hiyo, na mambo mengine pia yalichangia, kama mashine mpya za hesabu zilizoharibika. Mwezi uliofuata serikali kuu ilipeleka makamishna kulisimamia baraza, watu ambao hakuna kata hata moja iliyowachagua. Kodi ya nyumba ikapanda asilimia 9.99 mwaka 2024, na asilimia 7.49 mwaka 2025, katika kata zote 69, kwa aliyemchagua mshindi na kwa asiyemchagua.

Mwisho wa mwaka 2024 baraza na vyama vya wafanya kazi walipatana juu ya njia ya kuwalipa wale wanawake. Wale wa kwanza walikwenda mahakamani kabla ya mipaka mipya, wakati kata zilipokuwa 40 na kila mpishi alikuwa na madiwani watatu wa kumsemea.